Injini Kwanza, Breki Tutaona

Kwenye Barabara ya Kirinyaga, upande unaoelekea mto, kuna fundi mmoja mzee ambaye hakuwahi kutuuliza gari letu lina nguvu ngapi. Wasee wengine wote huanza hapo. Ukisema Golf, watauliza kama ni GTI. Ukisema ndiyo, watataka kujua imetyuniwa mpaka wapi. Huyu mzee alichuchumaa kando ya gurudumu la mbele, akapitisha kidole kwenye ukingo wa diski, pale chuma kilipolika kikaacha mdomo, kisha akauliza swali moja tu.

"Mafuta ya breki mlibadilisha lini?"

Braza yangu alinitazama. Mimi nikatazama viatu vyangu. Ukweli ni kwamba mafuta yale yalikuja na gari kutoka Japani.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiisoma historia ya magari ya Nairobi kuanzia kwenye kanyagio la breki. Masimulizi yetu yamejaa injini: nani alishinda Safari Rally, kwa gari gani, lenye turbo ya aina gani. Ni nadra sana kusikia mtu akisimulia jinsi gari lilivyosimama. Na huu mji, ukiutazama vizuri, umejengwa kwenye mteremko.

Tuanze na jina la mtaa wenyewe. Wazee bado wanauita Grogan, kutokana na Ewart Grogan, Mwingereza aliyepata umaarufu kwa safari ya kutoka Cape hadi Cairo aliyoimaliza mwaka 1900. Machi 1907, mbele ya mahakama ya Nairobi, Grogan aliwachapa viboko hadharani wavuta riksho Waafrika, akidai wamewakosea adabu wanawake wa Kizungu. Baadaye barabara ikapewa jina lake, na baada ya uhuru ikawa Kirinyaga. Mimi hiyo habari hunirudia kila nikipita pale, kwa sababu ya riksho. Breki ya riksho ilikuwa mtu. Ukishuka nayo mlima, kinachozuia uzito wa bwana aliyekaa nyuma ni visigino vya yule aliye mbele. Kwa hiyo mtaa ambao leo unauza breki za nusu ya magari ya Nairobi ulibeba kwa miaka mingi jina la mtu aliyezichapa breki za kwanza za mji huu.

Reli nayo ilisumbuliwa na mteremko. Ilifika Nairobi mwaka 1899. Katikati ya jiji ni takriban mita 1,660 juu ya bahari. Ukielekea magharibi unapanda, Kabete, Kikuyu, mpaka Limuru, zaidi ya mita 2,200, halafu ardhi inakatika ghafla na Bonde la Ufa liko chini yako. Wakati njia ya kudumu ilikuwa bado inajengwa, mabehewa yalishushwa bondeni kwa kamba za chuma. Ilikuwa rahisi kuleta injini kutoka Uingereza. Kazi ilikuwa kuizuia isianguke.

Barabara ikafuata. Ile ya Mai Mahiu ilijengwa na wafungwa wa vita Waitaliano wakati wa Vita Vikuu vya Pili, na kanisa lao dogo bado liko pale karibu na mwisho wa mteremko. Nimewahi kusimama hapo nikinywa soda, malori yakishuka moja baada ya jingine. Ile harufu huwezi kuisahau, kama nywele zinazoungua zikichanganyika na chuma. Madereva wengi wanaopita hapo hufanya ishara ya msalaba, na sidhani ni kwa sababu ya usanifu wa kanisa.

Sasa, mwaka 1953. Huu mwaka nimeurudia sana. Mwishoni mwa Mei hadi Juni mosi, mashindano ya kwanza ya Coronation Safari yalizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika kusherehekea kutawazwa kwa Malkia Elizabeth. Wiki mbili baadaye, huko Le Mans, Ufaransa, Jaguar C-Type ya Tony Rolt na Duncan Hamilton ilishinda mbio za saa 24 ikiwa na breki za diski zilizotengenezwa na Dunlop. Wapinzani wao walikuwa na drum. Drum hufungia joto ndani kama sufuria yenye kifuniko. Diski iko wazi, upepo unaipoza. Kila mara mwisho wa ile barabara ndefu iliyonyooka, dereva wa Jaguar angeweza kuchelewa kukanyaga breki kuliko wenzake, na mzunguko unaofuata akachelewa tena, na breki bado zipo. Kuanzia hapo dunia ya magari ya kasi ilianza kuelewa kwamba anayeweza kusimama ndiye anayeweza kwenda.

Huku kwetu mwaka huo kulikuwa na kusimamishwa kwa aina nyingine. Hali ya hatari ilikuwa imetangazwa Oktoba 1952. Usiku wa Machi 26, 1953, watu wengi waliuawa Lari, juu kidogo ya Limuru, na wengine wengi wakauawa katika kisasi kilichofuata. Miezi miwili baadaye walowezi walikuwa wanashindania saa barabarani. Mwafrika hakuweza hata kutembea kwa uhuru bila karatasi, na Aprili 1954, Operesheni Anvil ilipozingira Nairobi, maelfu walitolewa nje ya mitaa yao na kupakiwa kwenye malori. Mwaka huo huo wa 1954, Safari ilishindwa na Volkswagen Kobe ya Vic Preston na D.P. Marwaha. Nikisema kwamba gari la babu yake Golf lilishinda hapa kabla hatujawa huru, braza hufurahia sehemu ya Volkswagen. Sehemu nyingine yeye huisikiliza akiwa anatafuta simu.

Ushindi anaoupenda kila mtu ni wa 1965. Joginder Singh, Kalasinga mzaliwa wa Kericho, akiwa na kakake Jaswant, alishinda Safari kwa Volvo PV544. Watu husahau mambo mawili. La kwanza, ile Volvo ilikuwa mtumba, gari lililotumika na Volvo wenyewe kwanza. La pili, PV544 ilivyotoka kiwandani ilikuwa na breki za drum magurudumu yote manne. Ndugu wawili, gari la mkono wa pili, na breki za sufuria. Joginder alikuwa fundi kabla ya kuwa dereva. Alishinda tena mwaka 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer, na ukisoma jinsi watu walivyomsifu utaona neno moja likirudi: alitunza gari. Kutunza gari kwenye kilomita elfu kadhaa za matope na mawe ni pamoja na kujua lini usikanyage breki.

Fundi wetu alianza kazi enzi hizo za miaka ya sabini, kijana wa kutumwatumwa kwenye gereji ya Kalasinga mmoja huko Ngara. Kazi yake ilikuwa lining. Unatoa brake shoe, unang'oa lining iliyolika, unasafisha, unapiga ribiti mpya, unarudisha. Siku hizo lining zilikuwa na asbesto. Vumbi lilijaa ndani ya drum, nao walilipuliza kwa mdomo au kwa hozi ya upepo ndipo waone wanachofanya. Anasema wenzake wawili walikufa kwa kifua. Hospitalini waliambiwa ni TB. Hasemi kwa uchungu, anasema tu, huku anafungua nati. Mimi ndiye niliyekaa na hiyo habari wiki nzima. Watu waliouwezesha mji huu kusimama walivuta breki zake mapafuni, na hakuna kibao chochote kinachowataja.

Nisiruke sana. Kuanzia 1988, gari fupi lenye mlango wa nyuma, la aina tunayoipenda mimi na braza, lilianza kushinda Safari: Lancia Delta Integrale, mwaka 1988 na 1989 mikononi mwa Miki Biasion, na 1991 kwa Juha Kankkunen. Lakini kwangu mimi hadithi ya kuisimulia ni ya 1993. Subaru walileta Vivio, kigari cha injini ya cc 660, kidogo kuliko jokofu la bucha ukikiangalia kwa upande. Mmoja wa madereva alikuwa Colin McRae, kijana wa Scotland ambaye baadaye angekuwa bingwa wa dunia. Mwingine alikuwa Patrick Njiru. McRae alikimbiza kile kigari kama anafukuzwa, hakikufika mwisho. Njiru alimaliza wa 12 kwa jumla na wa kwanza katika daraja lake. Nadhani kila mtoto wa Nairobi anayenunua gari ndogo na kuipigia hesabu za turbo angepaswa kuwaza hilo mara moja kabla ya kulala.

Miaka hiyo hiyo ya tisini soko lilifunguliwa na mitumba ya Japani ikamwagika Mombasa. Baadaye sheria ikasema gari lisizidi miaka minane, na usukani uwe kulia. Japani wanaendesha kushoto kama sisi, kwa hiyo hata magari ya Ujerumani yaliyouzwa Tokyo yalitufikia. Ndiyo njia iliyotuletea Golf GTI ya kizazi cha tano: injini ya lita mbili yenye turbo, nguvu farasi 200, diski za mbele milimita 312, za nyuma 286. Ni breki nzuri. Wajerumani hawakuwa wajinga. Zilitoshea gari lile walilolitengeneza.

Tatizo ni kwamba gari la braza halikubaki lile walilolitengeneza. Aliandikiwa upya kompyuta ya injini, akaweka ekzosti pana, akaweka intakula kubwa. Pesa aliyotumia ilikuwa karibu sawa na karo yangu ya muhula mmoja, na najua kwa sababu yeye ndiye alikuwa analipa hiyo karo. Sitaki kusema niliacha chuo kwa sababu ya turbo. Nilikuwa nimeshaanza kukosa vipindi, na nilikuwa kwenye kiti cha abiria siku gari linachukuliwa, nikirekodi video. Nilipomuuliza kuhusu breki alisema, "Injini kwanza, breki tutaona." Nikacheka. Nilikuwa mwanafunzi wa uhandisi mwaka wa tatu na nilicheka.

Maana hesabu yake niliijua. Ukitoa gari kutoka kilomita 100 kwa saa hadi 140, kasi imepanda kwa asilimia 40, lakini nguvu ambayo breki zinapaswa kuimeza imekaribia kuwa mara mbili, kwa sababu inakua kwa mraba wa kasi. Yote lazima igeuke joto. Joto likizidi, pedi zinateleza badala ya kushika. Likiendelea, mafuta ya breki yenyewe yanachemka. Yakiwa mapya, DOT 4 hustahimili angalau nyuzi 230. Lakini mafuta haya hunyonya unyevu wa hewa mwaka baada ya mwaka, na yakishakunywa maji ya kutosha kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 155 hivi. Yakichemka yanatoa mvuke. Maji hayabanwi, mvuke unabanwa. Unakanyaga, mguu unazama, na hakuna kinachofika kwenye gurudumu. Hayo yote nilishawahi kuyaandika kwenye karatasi ya mtihani, nikapita.

Ilikuwa Jumapili usiku, tunatoka nyama Limuru, mwaka uleule Expressway ilipofunguliwa. Ukifika Rironi barabara ni pana na inashuka, inashuka, karibu nusu kilomita ya kimo ukihesabu mpaka Museum Hill. Kulikuwa na Subaru mbele yetu. Sihitaji kueleza zaidi. Braza alikanyaga breki kwa nguvu karibu na Gitaru, tena Uthiru, na mara ya pili nilisikia ile harufu ya Mai Mahiu nikadhani ni lori. Kabla ya Kangemi akaamua kuachana na yule mse wa Subaru, akaingia njia ya pembeni. Akakanyaga. Mguu ukaenda hadi chini.

Hakupiga kelele. Alisema tu, "Haishiki." Akashusha gia, akavuta handibreki kidogo kidogo, akapeleka magurudumu ya kushoto kwenye ukingo wa barabara yasuguane nao. Rimu ikapasuka. Tukasimama tukiwa tumeshagonga jiko la mama mmoja aliyekuwa anachoma mahindi. Yeye alikuwa amerukia nyuma. Makaa yalikuwa yametapakaa chini ya bampa na yeye anayazima kwa maji ya kuoshea vikombe ili gari letu lisiungue. Gari letu! Watu wa boda wakaja, wakaanza maneno. Mama akawanyamazisha, akainama akaangalia taa, akaangalia ile ekzosti pana, akamuuliza braza, kwa upole kabisa:

"Na hii gari yote, hawakukuwekea breki?"

Tulimlipa jiko na mahindi. Kwa gazeti, ingekuwa mistari miwili: gari lilifeli breki. Tunapenda hilo neno. Malori yanafeli breki Salgaa, ingawa kila mtu anajua kuna dereva aliyeliweka free kwenye mteremko ili aokoe dizeli, na pengine mwenye lori anayemhesabia kila lita. Chuoni pia walinitumia barua yenye neno la ukoo huohuo. Breki zetu hazikufeli. Zilifanya kazi mpaka pale sisi tulipozifikisha.

Ndipo tukafika kwa mzee wa Kirinyaga. Braza alikuwa ameshapata dawa yake kwenye simu: diski za milimita 345 pamoja na kalipa zake, zile zilizokuja na Golf R32. Zinaingia kwenye GTI bila kukata chuma, ukishapata mabano na rimu ya kuzitosha. Mzee hakuzipinga. Alisema zitakuja mwisho. Kwanza mafuta mapya, mfumo wote usafishwe na utolewe hewa. Pili pedi zinazostahimili joto, na hozi mpya, maana zile za mpira zilikuwa na nyufa. Tatu tairi.

"Tairi tena, mzee?" braza aliuliza.

"Breki inasimamisha gurudumu, kijana. Gari inasimamishwa na tairi."

Hiyo sentensi ilinirudisha darasani kuliko mhadhara wowote. Kama tairi tayari inafika mwisho wa kushika na ABS inanguruma, diski kubwa haitakufupishia umbali wa kusimama kwa mara ya kwanza. Faida yake ni mara ya nne na ya tano, kwenye mteremko mrefu, kwa sababu chuma kingi kinabeba joto jingi kabla hakijachoka. Watu wananunua kalipa nyekundu wakidhani wananunua umbali. Wananunua muda. Braza aliuza ile ekzosti pana ili alipie. Hakuongea siku mbili.

Zile diski za R32 zilipatikana kwa kukatwakatwa gari jingine lililogongwa. Ndivyo spea za mtumba zilivyo, hatupendi kuuliza. Nilizishika mkononi dukani, zito, ukingo bado mnene, na nikajiuliza mwenyewe alikuwa anashuka wapi. Muuzaji alisema ni ex-Japan. Vibao vyote pale husema ex-Japan, hata juu ya vioo vya pembeni ambavyo jana vilikuwa Westlands.

Kazi ilichukua siku moja na nusu. Asubuhi ya pili, kabla jua halijachoma, tulienda upande wa Lower Kabete kuzizoesha pedi kama mzee alivyoelekeza: kimbia hadi 80, punguza hadi 20, usisimame kabisa, achilia, rudia mara kumi, kisha endesha polepole mpaka zipoe. Ni kazi ya kuchosha. Hakuna anayerekodi video. Kwenye mara ya saba braza aliniambia niendeshe mimi, na mguu wangu ulikuwa unatetemeka kwenye kanyagio, ingawa kanyagio lenyewe lilikuwa gumu na liko juu, pale linapopaswa kuwa.

Diski za zamani mzee alizipima kwa kilo pamoja na vyuma vingine. Braza akaomba abaki na moja. Iko nyumbani Uthiru, mlango wa jikoni umeegemezwa nayo usijifunge na upepo.